Sura ya Sita: Sindano Isiyoinuliwa

Sajini Silima Mjaka hakuwa na gari. Hakuwa na mpiga picha wala maabara, na karani aliyeahidiwa tangu mwaka juzi alikuwa bado hajafika. Hakuwa na mtu mkubwa wa kumkinga Unguja, wala mdogo wa kumkinga Wete. Hakuwa na sikio la mziki. Kwake yeye kinanda cha Kizungu na mvua juu ya bati vilikuwa ndugu wa baba mmoja. Hakuwa na shahidi hata mmoja wa kumtetea Hafiz, fundi wa redio, ambaye alikuwa analala juu ya saruji ya mahabusu kwa tuhuma ya kumuua Mzee Abdulsamad. Na asubuhi hii, amesimama mbele ya meza ya mkubwa wake, aligundua kuwa hata muda hana.

"Jalada limekamilika," alisema Mrakibu Usama, mkuu wa upelelezi. Hakumkaribisha kiti. "Unaliatamia la nini? Wewe kuku?"

"Kuna jambo halijakaa sawa, afande."

"Nikusomee mwenyewe? Daktari anasema mzee kapigwa na kitu kizito kisogoni, mchana, saa hasa haijui. Majirani wanasema gramafoni yake ilikuwa inapiga kabla ya alasiri, na ilikuwa inapiga bado watu walipotoka msikitini. Gramafoni inapiga, basi mwenyewe yu hai. Hafiz kaingia, mziki umekatika, Hafiz katoka anapiga ukelele mzee kafa. Na wiki ile ile alisikiwa akimwambia, 'Mzee, mziki huu utakuja kukuua.' Unataka nini tena? Malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Nataka siku mbili tatu niende Unguja, nikaonane na wakubwa wa mashtaka."

"Ruhusa yako nimeifuta." Usama aliufunga mlango wa kabati kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. "Hutoki Wete. Kesho asubuhi jalada liwe hapa, na mimi ndiye nitakayelipeleka."

Silima alipiga saluti akatoka. Kila karatasi iliyotoka kituoni ilipita juu ya meza ile. Na mke wa Usama alikuwa binamu wa Fahmi, mtoto wa ndugu wa kiume wa marehemu na mrithi wake. Wete nzima ilijua, na Wete nzima ilikuwa imefumba mdomo.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya ghorofa moja, imeelekea bandarini, na msikiti ulikuwa ukuta kwa ukuta nayo. Mzee Abdulsamad alipokuwa kijana alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea ufundi wa redio. Wenzake walirudi na makoti na baiskeli. Yeye alirudi na makasha ya santuri: vinanda vya akina Chopin na michezo ya kuimba ya akina Verdi, mambo ya Ulaya ya zama za babu zao. Nyingi zilikuwa zimerekodiwa ukumbini mbele ya watu, na mtu akisikiliza vizuri husikia watazamaji wakikohoa. Mzee akipenda kusema kwamba wakohozi wale wote walikwisha kufa, na yeye anawajua mmoja mmoja kwa kikohozi chake.

Silima alifungua chumba cha santuri. Hapakuwa na hewa. Madirisha yalikuwa na nondo, na makasha yamepangwa mpaka darini, hata mtu mzima akisimama katikati alikuwa kama aliyetiwa naye ndani ya kasha. Alichukua sahani ya juu akaiweka kwenye gramafoni. Akabonyeza hapa, akazungusha pale. Mashine ikamtazama tu.

"Sivyo hivyo, Sajini."

Fahmi alikuwa mlangoni, kanzu nyeupe, kofia ya kufumwa, uvumba unamtangulia. Alizaliwa na kulelewa Maskati, akaja Pemba mwezi uliopita kumtazama ami yake. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kilikuwa cha mtu aliyejifunzia nyumbani kwao na si mtaani.

Alipita, akasukuma kijipini kilichojificha ubavuni mwa mashine. Mkono wa gramafoni ukanyanyuka wenyewe, ukaja, ukateremka juu ya sahani. Mtu mmoja akakohoa, kisha kinanda kikaanza.

"Ahsante," alisema Silima. "Umejuaje?"

"Mashine zote ni moja."

Silima alikitazama kijipini. Katika maelezo yake ya polisi Fahmi alisema kwamba chumba cha santuri hakukikanyaga hata siku moja, maana ami alikuwa mkali. Na kijipini kile Silima alikuwa amekitafuta kwa macho na vidole asikione.

"Utanipa nyumba yangu lini?" Fahmi aliuliza. "Nina watu wa kuja kuitazama. Ami alikuwa na wazimu wa kuifanya wakfu, ati ukumbi wa wanafunzi wa skuli wakasikilize haya makelele. Mwenyezi Mungu kamchukua kabla ya kutia saini."

"Mwenyezi Mungu na aliyempiga," alisema Silima.

"Na Hafiz, ndiyo."

Hapo spika ya msikiti ikakwaruza, na adhana ya adhuhuri ikaanza. Mkono wa Silima ulikwenda wenyewe. Hakufikiri, hakuamua, ulikwenda kama unavyokwenda kufukuza nzi, ukainyanyua sindano juu ya sahani. Kinanda kikanyamaza. Alibaki ameishika hewani, kichwa kakiinamisha.

Fahmi akacheka kidogo puani.

"Wapemba bwana! Mnajitia ucha Mungu. Ami yangu angekucheka. Siku ile yake ya mwisho muadhini anaadhini na kinanda kinapiga, mtu huwezi kujua umfuate yupi. Mimi nipo safu ya mbele, naona haya, kwa kuwa ni ami yangu. Waulize wote waliokuwapo."

Silima aliingoja adhana imalizike. Kisha akairudisha sindano mahali pake, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Safu ya mbele," alisema. "Uliwahi mapema?"

"Kabla ya adhana. Watu waliniona."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa natembea. Mji wenu huu mtu ana pa kwenda?" Fahmi alikung'uta kanzu yake. "Nitakwenda kwa shemeji Usama nimuulize habari ya nyumba. Wewe naona unacheza na santuri."

Alipoondoka, Silima alikaa juu ya kasha akayatoa maelezo ya majirani. Aliyasoma yote tangu mwanzo. Jirani wa kushoto: nilisikia kinanda kabla ya alasiri, na tulipotoka msikitini nikasikia mwanamke anaimba. Muuza ndizi wa mkabala: vivyo hivyo. Mke wa muadhini: vivyo hivyo. Muadhini mwenyewe: vivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa na kabla, na kila mmoja alikuwa na baada. Hapana aliyekuwa na katikati. Maelezo yote yalikuwa na tundu, na tundu lilikuwa mahali pamoja, kama nguo zilizotobolewa na panya mmoja kabatini.

*

Hafiz aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Ndevu zilikuwa zimemvamia. Silima alimpa chai na mkate wa kumimina, akamwacha ale kwanza.

"Nieleze mashine ile. Sahani moja inapiga muda gani?"

"Upande mmoja haufiki nusu saa, afande. Lakini ukitia kile kijiti kirefu cha katikati, unapanga sahani juu yake kama chapati. Moja ikisha, nyingine inaanguka yenyewe, mkono unarudi, inapiga. Unaweza kwenda Kojani ukarudi, ukakuta bado inaimba."

"Mzee akikitumia?"

"Wapi! Akisema sahani zikiangukiana zinachubuana. Kile kirefu kilikuwa ndani ya boksi lake. Mimi nilikitoa nikakisafisha, nikakijaribu, Fahmi yupo, ananitazama. Akaniuliza, 'Zikipangwa zote, zinakwenda mpaka lini?' Nikamwonesha." Hafiz alisita, kikombe kikiwa karibu na mdomo. "Siku ile nilipoingia kilikuwa juu ya mashine. Sahani zimerundikwa, kinanda chini, nyimbo juu, ovyo ovyo. Mzee hapangi hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Niliulizwa? Niliulizwa nimempiga na nini."

Silima aliliandika hilo. Kisha akauliza, "Na ulisema kweli kwamba mziki utamuua?"

"Nilisema. Kila akisikia yule mama wa mchezo wa kuimba, anayekufa kwa kifua, analia, mtu mzima, miwani inajaa ukungu. Nikamwambia, mzee, mziki huu utakuja kukuua. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Basi nirekodi.'"

"Hafiz. Ilipoadhiniwa alasiri siku ile, gramafoni ilikuwa inapiga?"

Kijana aliweka kikombe chini. Akatazama sakafu.

"Uko mahabusu," alisema Silima. "Wanataka kukunyonga."

"Yule bwana alinisomesha ufundi na hakunidai hata senti. Ameshakwenda. Usinitie kumsema maiti, afande. Nitakutana naye akhera."

*

Shehe Matano, muadhini, alikuwa barazani kwake akikaza kamba za kitanda, na mkewe, Bi Mwanawema, alikuwa ndani ya mlango akichambua karafuu. Silima alitoa salamu, akaulizwa hali, na nyumbani, na mvua, na mgongo wa mama yake. Alijibu yote. Pemba mtu hafiki kwenye neno mpaka apite kwenye afya.

"Nimekuja kwa habari ya Mzee Abdulsamad."

"Si tumeshasema," alisema Bi Mwanawema. "Kabla ya alasiri kinanda, baada ya alasiri yule mama wake anayekufa. Weye kila siku waja uliza, kama ntu aliyepoteza shilingi."

"Na katikati, Bi Mwanawema? Wakati wa adhana?"

"Wakati wa adhana ntu husikiliza adhana."

"Na masikio yako ni mazuri. Umemsikia mama anayekufa kwa Kizungu, hukusikia kama amenyamaza?"

Bi Mwanawema alizidi kuchambua, haraka, vikonyo na karafuu vikienda fungu moja. Mumewe alikuwa ameacha kukaza kamba.

"Mwanangu Silima," alisema Shehe Matano taratibu. "Mimi ndiye niliyemwosha. Kwa mikono hii. Na mwosha hufunika. Alichokiona na alichokisikia, maiti akiwa na jema hulisema, akiwa na baya hulizika naye. Usinitoe huko."

"Fahmi ameniambia mziki ulikuwa unapiga juu ya adhana yako."

"Fahmi hana haya."

"Lakini ni kweli?"

Mzee aliivuta kamba upya. Bi Mwanawema ndiye aliyeinua kichwa, macho yamejaa.

"N'kwambie, na wakinicheka wanicheke. Mtaa huu tumekaa naye umri mzima. Hakuna siku adhana ilimkuta na sindano chini. Hata yule mama yuko katika kukata roho, muadhini akisema Allahu Akbar, tiki! Kamnyanyua. Sie watoto wetu wakitoka msikitini husema, 'Twendeni upesi, mama wa watu yuko anasubiri kufa.' Kisha mzee anarudi, anaiweka palepale, yule mama anaendelea kufa. Alimuua kila wiki, lakini wakati wa sala hakupata kumuua!" Alicheka, na kicheko kikageuka. "Siku ile kinanda hakikunyamaza. Mume wangu ameadhini hali sauti inamtetemeka. Aliporudi kaniambia, 'Abdulsamad leo kaasi.' Na mara tukasikia kafa. Basi kafa hivyo, kaasi. Sasa jambo kama hilo ntu anakwenda liandikisha polisi?"

"Nyamaza, mke wangu," alisema Shehe Matano, lakini hakusema kwa nguvu. "Nimekuwa nikimwombea. Kila sala. Rafiki yangu, na mwisho wake ule."

Silima alivua kofia akaiweka gotini. Mambo yote sasa yalikuwa mbele yake, yamejipanga kama zile sahani kijitini, moja juu ya nyingine, yanangoja kuanguka.

"Shehe," alisema. "Rafiki yako hakuasi."

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia gramafoni. Yeye angekuwa hai angeinyanyua sindano, kama alivyoinyanyua umri wake wote. Leo adhuhuri mkono wangu mimi umekwenda wenyewe, sembuse wake. Haikunyanyuliwa kwa kuwa mwenye mkono alikuwa ameshalala sakafuni. Mtu kampiga kabla ya adhana, akapanga sahani kwenye kile kijiti kirefu, akaja zake msikitini kukaa safu ya mbele ili aonekane. Na mtu huyo hakujua desturi ya mzee. Sisi sote tungejua. Ni mgeni tu ndiye angeacha kinanda kinapiga juu ya adhana na kudhani kimemficha."

Kamba ilimtoka Shehe Matano mkononi.

"Alikuwa ameshakufa," alisema mwishowe.

"Ameshakufa."

"Basi hakuisikia."

"Hakuisikia, Shehe."

Mzee alijifunika uso kwa kilemba chake, na mabega yake yakatikisika muda mrefu. Bi Mwanawema alitoka ndani, akaketi karibu naye barazani mchana kweupe, jambo ambalo si kawaida yake.

Silima aliirudisha kofia kichwani. Halafu akauliza swali lililobaki. "Hafiz alikuwa wapi kabla ya adhana?"

"Hafiz?" Shehe Matano alifuta macho. "Hafiz alikuwa nami msikitini tangu ilipokwisha adhuhuri. Spika ilikatika waya. Yeye juu ya ngazi, mimi nimeishika ngazi. Kateremka, nikaadhini, kaswali nyuma yangu, ndipo akaenda kwa mzee."

"Hukusema hilo!"

"Hakuna aliyeuliza ya Hafiz kabla ya adhana. Mlitaka ya baada."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wema walikuwa wamemfunika maiti kwa shuka moja, na upande wa pili wa shuka ile ile ukamziba pumzi aliye hai.

"Utatia saini haya, Shehe?"

"Lete kalamu. Nimemfunika kwa baya lisilokuwa lake. Sasa nimfunue."

*

Tatizo la ukweli ni kuwa nao hauna miguu. Silima alirudi njiani na karatasi ya Shehe Matano ndani ya shati, imemgusa ngozi. Akiirudisha kituoni, itapita juu ya meza ya Usama, na kabati la Usama lina ufunguo. Mwenyewe kupanda boti amekatazwa, na lango la bandari lina askari wanaomjua kwa jina. Kisiwa kizima kilikuwa kimemzunguka kama ukuta wa chumba kile cha makasha.

Simu ikatetemeka mfukoni. Usama. Bila ya shaka Fahmi alikuwa ameshafika kwake. Aliiacha itetemeke.

Alikaa kwenye benchi la Posta, akaandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili alichofundishwa na mwalimu wa kisomo cha ngumbaru: kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, Unguja, yeye mwenyewe, isifunguliwe na mwingine. Aliandika habari ya kijiti kirefu, ya kijipini ambacho asiyekanyaga chumba alikijua, ya ngazi ya msikitini, ya sindano. Alieleza kwa nini hakufuata njia ya kazi, na hakujitafutia udhuru. Akatia saini cheo chake, akijua huenda ni mara ya mwisho kukiandika. Akaikunja pamoja na maelezo ya Shehe, akaitia katika bahasha, akaazima kiberiti, akayeyusha lakiri nyekundu juu ya mdomo wa bahasha mpaka ikamuunguza kidole.

"Ya rejesta," alimwambia Bi Mwatum wa dirishani. "Iende na mfuko wa leo."

"Una bahati, mfuko bado sijaufunga." Bi Mwatum aliigeuza bahasha, akasoma jina, akamtazama juu ya miwani. "Sajini. Hii kawaida si huja na tarishi wa kituo?"

"Leo tarishi ni mimi."

"Ikishapigwa muhuri hairudi. Hata mwenyewe akiililia, simpi. Unajua?"

"Najua. Piga."

Alinyanyua muhuri. Nje, gari la kituo lilisimama kwa breki kali, na Silima aliujua mlio wa injini ile bila ya kugeuka. Simu ikaanza tena kutetemeka. Na hapo hapo, kutoka msikitini, sauti ya Shehe Matano ikapanda kuita alasiri, haitetemeki, imenyooka kama mlingoti.

Mkono wa Silima ukaenda wenyewe ukaizima simu. Mkono wa Bi Mwatum nao ukaishia hewani, akauweka muhuri juu ya kidau cha wino, akaukaza mtandio wake kichwani na kuanza kuitikia kimyakimya. Bahasha ilikuwa mezani baina yao, haijapigwa kitu, na mtu yeyote angeweza kuichukua. Nje mlango wa gari ulifunguliwa. Viatu vilikanyaga changarawe, vikaja mpaka kizingitini, vikasimama. Usama naye alizaliwa Pemba. Alisimama pale, ameangusha kichwa, hawezi kuingia kugombana wala kurudi nyuma, na Silima alihisi pumzi zake kisogoni.

Adhana ikaendelea neno kwa neno, haikuongezwa mwendo kwa ajili ya mtu.

Ilipokwisha, aliye mlangoni alivuta pumzi aseme. Bi Mwatum alikuwa ameshanyanyua muhuri. Uliteremka juu ya bahasha kwa kishindo, akaitupa ndani ya mfuko, akaukaba mfuko shingo kwa kamba, mafundo mawili.

"Haya," alisema. "Nani anafuata?"